Baiskeli kumi na sita, chombo kimoja

Taa inageuka nyekundu. Baiskeli sita zimeshavuka, kumi bado. Aliyezoea kuendesha Morogoro Road hapo anakamata breki na kusubiri matusi. Lakini Ujerumani zile kumi zinaendelea kuvuka, na magari yaliyopata kijani yanasubiri bila honi. Madereva hao hawafanyi hisani, wanatii sheria.

Kifungu cha 27 cha kanuni za barabarani za Ujerumani kinasema waendesha baiskeli wanaozidi 15 wanaweza kuunda msafara. Wakishaunda, wanaruhusiwa kwenda wawili wawili sambamba barabarani na wanahesabiwa kama chombo kimoja. Wa kwanza akivuka kwa kijani, wote wanavuka, na hakuna ruhusa ya kuwakata katikati. Lami yao nzuri sina haja ya kuililia. Ninachokitaka nyumbani ni kifungu hiki, na madereva wanaokijua.

Najua jibu linalokuja: "Umepanda ndege juzi, leo unatufundisha barabara." Jamani, hebu tupige hesabu kwanza. Baiskeli moja pamoja na nafasi iliyo mbele yake huchukua kama mita tatu. Watu 16 kwenye mstari mmoja ni karibu mita 48, na wakiwa wawili wawili ni 24. Dereva wa basi anayewapigia honi wajipange mmoja mmoja anajirefushia mwenyewe safari ya kuovateki. Tena Ujerumani, tangu 2020, imeandikwa wazi kuwa gari linalompita mwendesha baiskeli liache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ukiacha mita mbili, tayari umeingia upande wa pili wa barabara, wawe wamepangana mmoja mmoja au wawili wawili.

"Barabara zetu nyembamba." Na za bonde la mto Rhine huko Ujerumani je? Kati ya Bingen na Koblenz barabara ya B9 imebanwa na mwamba, reli na mto. Malori yanapita humo humo. Pasipo na nafasi, dereva anakaa nyuma mpaka ipatikane. Na msituambie kwamba sisi hatuwezi kusubiri. Msafara wa kiongozi tunausubiri, na msafara wa mazishi tunaupisha hata bila askari. Kifungu hicho hicho cha Wajerumani kinataja mazishi na baiskeli pamoja. Adabu hiyo tunayo tangu zamani, ila mtu akiwa juu ya baiskeli tunamnyima.

Haki hiyo ina kazi yake, na hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Msafara lazima uonekane ni mmoja. Kiongozi akitoka kwenye makutano kwa kasi, wa nyuma atalazimika kukimbiza kilomita 30 kwa saa ili kuziba pengo, na asipoliziba, dereva ataona vikundi viwili na kuingia kati, wala huwezi kumlaumu. Kwa hiyo baada ya kila taa kiongozi ashike kilomita 12 kwa saa mpaka wa mwisho apige kelele "tumetimia", ndipo apande polepole hadi 18. Kiongozi mwenyewe akikuta nyekundu, anasimama. Msafara haumpi mtu kibali cha kupita nyekundu kwa kuanzia.

Hatari mojawapo kubwa kwenye njia zao za baiskeli ni nguzo inayosimikwa katikati ya njia ili kuzuia magari. Wa mbele huiona, lakini wa nne hana anachokiona isipokuwa mgongo wa mwenzake. Basi wa mbele anapaza sauti "nguzo!" mita 30 kabla, kila mmoja anairudisha nyuma, na wawili wawili wanakuwa mmoja mmoja. Anayenyamaza kwa aibu ya kupiga kelele ugenini atamvunja mwenzake bega.

Na sasa niwasifie mafundi wa kwetu, maana wanastahili. Kutoka Mainz hadi Köln ni kilomita 190, unazisoma kwenye mbao za ukingoni mwa Rhine: 498 Mainz, 688 Köln. Njia hiyo ikiwapata Jumapili, maduka yamefungwa na fundi hayupo. Shinyanga au Tabora, pancha ikitokea hukai muda mrefu kabla hujamwona fundi chini ya mwembe, na rimu iliyopinda atainyoosha kwa jicho na spana ya spoki tu. Ujerumani mnabeba wenyewe: tyubu nne kwa watu 16, viraka, gundi, spoki za akiba, kiungo cha mnyororo, na pampu inayokubali valvu za aina tatu, kwa sababu kundi moja litakuwa nazo zote.

Mwenye kutoka nyumbani na tairi lake la akiba asome namba ndogo ubavuni, yaani kipenyo cha ndani cha tairi kwa milimita. Tairi letu la Phoenix la inchi 28 ni 635, na la kwao wanaloliita pia 28 ni 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo. Tairi la 635 litapwaya kwenye rimu ya 622, na la 622 halitaingia kwenye rimu ya 635 hata mkilivuta watatu.

Mhesabiane pia kila asubuhi. Mkiwa 16 na mmoja akaumwa goti akapanda treni pale Koblenz, mmebaki 15, na msafara haupo tena. Kuanzia hapo kwenda sambamba ni pale tu msipomzuia mtu, na taa ikigeuka nyekundu katikati yenu, wa nyuma wanasimama.