Ndoa Iliyofutwa Usiku wa Manane: Spider-Man na Hasira za Wasomaji Wake

Mwishoni mwa mwaka 2007, wasomaji wa Spider-Man walifungua toleo la 545 la jarida lake wakamkuta Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, na mkewe Mary Jane wakisubiri saa sita za usiku itimie. May Parker, aliyemlea Peter, alikuwa mahututi kwa risasi ya mdunguaji aliyetumwa na Kingpin, bosi wa wahalifu, na Mephisto, ibilisi wa hadithi za kampuni ya Marvel, alikuwa ameweka sharti lake mezani: atamponya bibi huyo iwapo wanandoa hao watamwachia ndoa yao. Roho zao hakuzitaka. Alitaka ndoa yenyewe iwe haijapata kufungwa na wao wenyewe wasiikumbuke. Walikubali. Baada ya hapo tunamwona Peter akiamka kijana asiye na mke, May akiwa mzima, na Harry Osborn, rafiki yake aliyekufa katika hadithi ya mwaka 1993, yu hai na anafurahia sherehe.

Hadithi hiyo, iliyoitwa "One More Day", iliwagawa mashabiki kuliko karibu mabadiliko yote yaliyowahi kufanywa kwa shujaa huyo, na ubishi wake ungali hai. Mimi ni miongoni mwa walioumizwa nayo. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimeona kwamba hoja za walioiamua hazijapewa uzito unaostahili, na hoja za walioipinga zimefifishwa na wale waliozitoa kwa matusi.

Inafaa kwanza kukumbuka kwamba ndoa yenyewe nayo ilikuwa amri kutoka juu. Mwaka 1987, Stan Lee, aliyekuwa akiandika vibonzo vya Spider-Man vya magazetini, alikubaliana na mhariri mkuu wa wakati huo, Jim Shooter, kwamba Peter na Mary Jane waoane magazetini na katika majarida kwa wakati mmoja. Katika majarida wawili hao hawakuwa hata wapenzi wakati huo, hivyo waandishi walilazimika kuharakisha posa ndani ya matoleo machache. Gauni la bibi harusi lilibuniwa na Willi Smith, mbunifu maarufu wa mavazi wa New York, na tarehe 5 Juni mwaka huo harusi iliigizwa katika uwanja wa Shea kabla ya mechi ya besiboli, Stan Lee akiwa ndiye mfungishaji. Anayesema kwamba ndoa ile ilikuwa kitu kitakatifu kilichoota chenyewe katika hadithi anasahau kwamba ilianza kama tukio la matangazo.

Joe Quesada, mhariri mkuu aliyesimamia uamuzi wa mwaka 2007 na kuichora hadithi hiyo kwa mkono wake, alieleza hadharani kwa nini aliitaka. Spider-Man aliyeumbwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962 alikuwa mvulana wa shule, maskini, asiyejua kodi ya nyumba italipwa na nani, na nusu ya utamu wake ilikuwa katika mapenzi yanayokwama kila anapolazimika kukimbilia tukio. Mume wa mwanamitindo mashuhuri hayumo katika dhiki hizo. Talaka isingesaidia, kwa kuwa ingemfanya aonekane mzee zaidi na ingesema kwamba wawili hao waliacha kupendana. Ujane ungemtia uzee huohuo pamoja na huzuni isiyokwisha. Kampuni ilikuwa imekwisha kujaribu njia za kando. Kati ya mwaka 1994 na 1996 ilitaka kumstaafisha Peter na mkewe mjamzito ili nakala yake, Ben Reilly, ashike nafasi. Mwaka 2000 ikamfanya Mary Jane aaminike kuwa amekufa katika ndege iliyolipuka. Kisha ikamrudisha, ikawatenganisha, ikawapatanisha. Ukizitazama hatua hizo kwa mfululizo, unaona ofisi ambayo kwa miaka zaidi ya kumi haikujua ifanye nini na mke wa shujaa wake. Quesada alichagua kukata mara moja.

Hoja hiyo ina nguvu, na mashabiki wengi hawaitendei haki wanapoifanya kuwa chuki dhidi ya ndoa. Mhariri hulinda mhusika ambaye lazima apendwe na mtoto wa miaka kumi wa leo, naye msomaji mzima hana ruhusa ya kumzeesha mhusika huyo kwa kasi ya umri wake mwenyewe.

Hata uamuzi wa Peter kumchagua May una utetezi wake, na hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kuona jambo ambalo Kiingereza hulififisha. Kiingereza kina neno moja tu la kumwita May, nalo ni lilelile la shangazi, nasi tukilifuata tunamsogeza mbali naye. May ni mke wa Ben, kaka mkubwa wa baba yake Peter. Kwetu huyo ni mama mkubwa, na kwa mtoto yatima aliyelelewa naye ni mama hasa. Kijana anayeambiwa achague kati ya mama na mke yuko katika mtihani unaojulikana katika kila nyumba, na si haki kumcheka kwa kuchagua uhai wa mama.

Tatizo ni kwamba May alikuwa amekwisha kuaga, na kwa heshima kubwa. Katika toleo la 400 la mwaka 1995, alipanda na Peter hadi juu ya jengo la Empire State akamwambia kwamba siku nyingi alijua yeye ndiye Spider-Man, kisha akafariki kitandani, wapendwa wake wakiwa karibu. Ni kurasa tulivu, na ndani yake hamna mtu anayemshikilia mzee asiondoke. Miaka michache baadaye kampuni ilidai kwamba aliyekufa alikuwa mwigizaji aliyejifanya May. Kwa hiyo wasomaji walipomwona Peter mwaka 2007 akimwendea ibilisi kwa kuwa hawezi kumzika May, walijua jinsi alivyokuwa tayari kuondoka na jinsi Peter alivyoweza kulipokea hilo. Walichokiona ni Peter aliyepungua.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko, nami nakiona cha haki. Tangu Ben alipouawa na mwizi ambaye Peter alimwachia apite, Spider-Man ni mtu anayebeba matokeo ya matendo yake. Risasi iliyompata May ilitokana na uamuzi wake mwenyewe wa kuvua kinyago hadharani katika mkasa wa "Civil War" wa mwaka 2006. Hadithi ya aina yake ilidai akae na kosa hilo na kuishi nalo. Badala yake kosa lilifutwa, siri ya jina lake ikarudi, Harry akafufuka, na bei ya yote ililipwa kwa kitu ambacho mlipaji hatakumbuka kamwe kwamba alikuwa nacho.

Linganisha na mwaka 1973, wasomaji walipokasirishwa na kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Peter wakati huo, katika toleo la 121. Mwandishi Gerry Conway alikuwa kijana wa miaka 20. Kichwa cha hadithi kilifichwa hadi ukurasa wa mwisho ili msomaji asijue nani atakufa. Green Goblin, adui wa Spider-Man, anamsukuma Gwen kutoka darajani, Peter anarusha utando, utando unamnasa mguu, na kando ya shingo yake imeandikwa sauti ndogo ya kitu kinachovunjika. Msomaji akirudi kutazama kisanduku kile anaelewa kwamba huenda mkono uliojaribu kumwokoa ndio uliomuua. Yalikuwa mabadiliko makali kuliko kufutwa kwa ndoa, na hasira yake ilikuwa ya kweli, lakini Peter amekibeba kifo hicho mpaka leo na wasomaji wamekibeba pamoja naye.

Hata kile kilichotokea Desemba 2012 kinaonyesha hivyohivyo. Katika toleo la 700, mwandishi Dan Slott alimfanya Doctor Octopus, adui wa siku nyingi, aukalie mwili wa Peter, na Peter akafa ndani ya mwili wa adui. Slott alitishiwa kuuawa, jambo ambalo halina jina lingine ila uovu, kwa sababu hakuna mapenzi ya vibonzo yanayompa mtu ruhusa ya kumtisha mwandishi. Lakini hadithi iliyofuata ilimfuata Octopus akijaribu kuwa shujaa kwa kiburi chake, ikamwonyesha akishindwa, na Peter aliporudi mwaka 2014 alikuta maisha yake yamepindwa na ikambidi ayanyooshe. Wengi waliokuwa wamelaani waliipenda.

Joseph Michael Straczynski, mwandishi wa "One More Day", naye hakuridhika; alisema wazi kwamba alitaka jina lake liondolewe katika matoleo mawili ya mwisho, kisha akashawishiwa kuliacha. Mwandishi mwenyewe akifikia hapo, ni vigumu kuwaambia mashabiki kwamba kinachowasumbua ni ukaidi wa kutotaka kubadilika.

Kwa hiyo nasema kwamba Marvel ilikuwa na haki ya kuivunja ndoa ile, na ilikosea katika namna ya kuivunja. Talaka iliyoandikwa kwa ukweli ingemwongezea Peter umri, kama Quesada alivyohofia, lakini ingewaachia wasomaji miaka yao 20 na ingempa Mary Jane sauti ya mwanamke anayeondoka kwa sababu anazoweza kuzitaja.

Hofu ya uzee nayo imepungua uzito tangu Januari 2024, Jonathan Hickman na Marco Checchetto walipoanza jarida la Spider-Man wa ulimwengu mwingine, mume wa Mary Jane na baba wa watoto wawili, na toleo la kwanza likachapwa upya mara kadhaa. Nakiri kwamba kuanza upya na mhusika mwenye familia ni rahisi kuliko kuendesha hadithi iliyobeba mzigo wa zaidi ya miaka 60, kwa hiyo mafanikio hayo hayamalizi ubishi.

Vibonzo vya magazetini vilipata njia yao. Januari 2009 navyo vilimrudisha Peter ujanani bila mke, kwa kufuata majarida. Barua za wasomaji zilifika, na kabla ya nusu mwaka kuisha Peter aliamka, Mary Jane akiwa ubavuni pake, ikaelezwa kwamba useja ule ulikuwa ndoto.