Shemeji na Breki Zilizonyamaza

Breki za baiskeli yangu zilikuwa zikilia hadi sikuhitaji kengele. Nikizigusa tu pale kona, kina mama wanavuta watoto wao pembeni, mbwa wanafyata mikia, na kila aliye njiani anajua ni nani anakuja. Aibu ilikuwepo, ila njia sikuwahi kuikosa.

Sasa shemeji yangu alikuja kututembelea, na yeye hawezi kuona kitu cha mtu kina kasoro akapita. Kwake kinacholia kinataka mafuta: bawaba, feni, mnyororo, na kwa nini isiwe breki? Akaamka kabla yangu, akachukua mafuta ya cherehani, akamimina kwenye raba za mbele, akamimina kwenye za nyuma, halafu akazungusha magurudumu ili rimu nazo zipate haki yao. Hakuniambia kitu. Alitaka nishtukizwe.

Nikashtukizwa. Natoka nyumbani, baiskeli imetulia kama maji mtungini, nami kifua mbele. Mteremko ukaanza. Nikabana breki. Nikabana tena kwa nguvu zote, raba zikaikumbatia rimu kwa mapenzi, na baiskeli ikazidi kushika kasi. Nikashusha miguu, ndala moja ikabaki nyuma, ya pili ikaanza kunuka moshi. Kule chini vijana wawili walikuwa wanavusha godoro. Zamani wangenisikia nikiwa bado juu. Safari hii ikabidi nilie mimi mwenyewe: "Nipisheni jamani! Nipisheni!"

Mungu si Athumani, hawakunipisha, maana nyuma yao palikuwa na ukuta. Nikaingia godoroni kichwa kichwa, na yule wa upande wa pili akaona godoro limeota magurudumu.

"Kwani wewe huna kengele?"

"Imelowa mafuta," nikamjibu.

Shemeji aliponiona narudi naikokota baiskeli, mguu mmoja peku, akauliza kwa upole: "Bado inalia?"

Raba ya breki ikishakunywa mafuta, mara nyingi hata uisugue msasa vipi haiponi. Tukazitupa zote, nikaosha rimu kwa maji ya moto na sabuni, nikazipangusa kwa spiriti, nikafunga raba mpya. Nikajaribu. Zikalia! Ndivyo zilivyo: raba ikikaa bapa kabisa juu ya rimu, hunata ikaachia, ikanata ikaachia, mara mamia kwa sekunde, na gurudumu zima likaimba. Inatakiwa ncha inayotazama mbele ya baiskeli iguse kwanza, ile ya nyuma ibaki na upenyo wa kama milimita 1.

Nikatoa kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76 na ambayo mwezi ule haikuwa na kazi nyingine, nikaichomeka kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba. Shemeji abane mkono wa breki, mimi nikaze bolti. Rahisi kusema! Ukizungusha spana, raba nayo inazunguka, inajisogeza juu taratibu mpaka inalamba tairi, na ikiachwa hapo italitafuna hadi tyubu ichungulie nje. Unalegeza, unaishusha, unaikamata kwa vidole, unakaza kidogo. Inajifanya imetulia, halafu inapanda tena. Shemeji, mkono umeshakufa ganzi, akapendekeza tutie tone moja tu la mafuta kwenye bolti.

Nikamtazama. Akaendelea kubana.

Mwishoni raba zikakubali kukaa zinapotakiwa. Nikapanda, nikachapa mwendo, nikabana: baiskeli ikasimama palepale, haikutoa hata mguno. Shemeji akajifuta mikono huku akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaona sasa, shemeji? Yale mafuta yalichelewa tu kufanya kazi."