Ufa wa kanisa la kale hauzibwi kwa saruji

Ndugu wakija kututembelea huku Köln, Ujerumani, hupiga picha minara miwili ya Kanisa Kuu, mita 157 kwenda juu, kisha huuliza Wajerumani walipata wapi fedha za kujenga kitu kama kile. Mimi ningependa waulize nani analitunza leo, maana hapo ndipo nyumbani Tanzania tumeachwa nyuma.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 15 Agosti 1248. Upande wa altare ulitabarukiwa 1322, ujenzi ukasimama karne ya 16, na kreni ya mbao ikabaki juu ya mnara wa kusini kwa zaidi ya miaka 300. Kazi ilianza tena 1842, ikakamilika 1880. Hata hivyo jukwaa la mafundi huwa halikosekani. Kanisa lina karakana yake pembeni yenye wachonga mawe, wahunzi, maseremala, mafundi wa vioo na wa paa, wote wa mshahara. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa chama cha wananchi kilichoundwa 1842, ambacho wanachama wake hulipa ada kila mwaka.

Adui wao mkubwa ni maji. Dari la mawe, mita 43 juu ya sakafu, husukuma kuta kwenda nje, na matao ya nje huupokea msukumo huo na kuushusha ardhini. Matao hayohayo yamechongwa mifereji mgongoni ya kupitishia maji ya mvua. Mfereji ukiziba, maji hupenya kwenye maungio, na yakiganda wakati wa baridi hutanuka na kupasua jiwe. Pini za chuma za zamani zikila kutu huvimba na kubandua kipande kizima. Mafundi huzichomoa, huweka za chuma kisichoshika kutu na kuzikaza kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Aina ya jiwe nayo ina kesi yake: mawe mchanga ya Schlaitdorf, kijiji cha kusini mwa Ujerumani, yaliyotumika karne ya 19, yameharibika vibaya kwa sababu chokaa inayoshikilia chembe zake huliwa na hewa yenye salfa.

Na sisi tunayo majengo ya namna hii. Dar es Salaam kuna Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, lenye matao ya ncha na linatazama bandari. Mkunazini, Unguja, kuna Kanisa Kuu la Kristo la Askofu Edward Steere, lililowekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Ukarabati wake mkubwa wa miaka ya 2010 ulifanywa pamoja na World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kazi nzuri sana, lakini mradi una tarehe ya kuisha, na mvua haina.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Ila ukiuziba kwa saruji, ukuta wa matumbawe utauharibu upesi zaidi. Matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, inakuwa fuwele, na uso wa jiwe hugeuka unga. Baada ya misimu michache lipu inaanguka na jiwe limeng'ang'ania mgongoni mwake.

Dawa ni chokaa iliyolowekwa shimoni angalau miezi mitatu. Debe moja kwa madebe matatu ya mchanga wa mtoni wenye chembe kali. Wa pwani usiguswe, una chumvi. Ukuta ulowanishwe kwanza, lipu isizidi sentimita moja kwa mkono mmoja, kisha ifunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima. Jua likiiwahi, inapasuka na kupukutika, halafu fundi anailaumu chokaa.

Dayosisi yenye kanisa la kale haihitaji karakana ya Köln. Waashi watatu wa kudumu wanatosha kuanzia, na shimo la chokaa ambalo halikauki. Kabla ya masika na kabla ya vuli wapande juu, wasafishe mifereji, wang'oe miche ya mitini inayoota ukutani ingali laini, kwa sababu mzizi ukishaingia kwenye maungio hautoki bila kubomoa. Ada ndogo ya waumini, pamoja na sisi tulio ughaibuni, ingewalipa.