Homa ya Bonde la Ufa: mbu atafutwe kiangazi, asisubiriwe mafuriko

Kondoo na mbuzi wakianza kutupa mimba kundi zima ndani ya wiki moja, mbu aliyeanzisha balaa hiyo ameshafanya kazi yake na pengine ameshakufa. Ndipo magari ya utafiti yanapoonekana barabarani, mitego inatundikwa, sampuli zinakimbizwa maabara. Mvua ikikatika, na miradi hukatika. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa mbu wa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata na watu, ihamie kwenye miaka ya ukame, na kazi ianzie kwenye udongo.

Ugonjwa huu ni wa kwetu tangu jina lake. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham waliueleza mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Tangu hapo umekuwa ukirudi kwa kishindo kila mvua zinapopita kiasi: 1961–62, 1997–98, 2006–07, kisha Wajir mwaka 2018. Katikati inapita miaka mingi bila mlipuko mkubwa. Kirusi kinakuwa kimejificha wapi muda wote huo?

Jibu la msingi tunalo tangu 1985, mtafiti wa mbu Kenneth Linthicum na wenzake walipochapisha kazi waliyoifanya kwenye vibonde vinavyotuamisha maji nchini Kenya. Walichota viluwiluwi wa mbu, wakawalea maabara hadi wakawa mbu kamili, wakakuta kirusi ndani yao. Mbu hao hawakuwa wamemng'ata mnyama hata mmoja. Tena miongoni mwao walikuwamo madume, na mbu dume hang'ati kabisa. Kirusi kilitoka kwa mama kupitia yai. Mbu mwenyewe ni wa jamii ya Aedes, hasa Aedes mcintoshi, ambaye hatagi juu ya maji. Hutaga kwenye udongo wenye unyevu pembezoni mwa dimbwi linalokauka, na yai lake huvumilia ukame kwa miaka. Mafuriko yakifunika udongo huo, mayai huanguliwa, na baada ya siku saba hadi kumi hivi wanaruka mbu wapya, baadhi yao wakiwa na kirusi tayari. Maji yakikaa wiki kadhaa, wanafuata mbu wa jamii nyingine, Culex, wanaotaga juu ya maji na kuzaana kwa kasi. Hao ndio wanaokichukua kirusi kutoka kwa mifugo iliyokwisha kuambukizwa na kukisambaza huku na huko.

Sasa tazama mlipuko wa 2006–07, uliowaua watu zaidi ya 150 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania. Watafiti wakiongozwa na Rosemary Sang walikusanya Kenya mbu wapatao 297,000. Kati yao, 72,058 waligawanywa katika mafungu 3,003 na kupimwa. Mafungu 77 yalikutwa na kirusi. Piga hesabu, ukichukulia kila fungu lilikuwa na mmoja tu mwenye kirusi: ni karibu mbu mmoja kwa kila elfu moja, na hapo ugonjwa ulikuwa umepamba moto.

Hesabu hiyo ingetundikwa ukutani katika kila ofisi inayopokea ripoti za wadudu. Kama mbu mwenye kirusi ni mmoja kwa elfu, ukikamata mbu 300 na kuwapima wote, uwezekano wa kutoambulia hata mmoja ni asilimia 74 hivi. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba ungemnasa angalau mmoja, unahitaji mbu wapatao 3,000. Katika mwaka mkavu, kiwango kikiwa chini zaidi, unahitaji makumi ya maelfu. Kwa hiyo ripoti inayosema "kirusi hakikupatikana" baada ya usiku mbili za mitego na mbu mia mbili tatu haina la kumwambia mfugaji. Inampa matumaini ya bure.

Utafiti huo wa Sang na wenzake ulionyesha jambo jingine lenye uzito uleule. Mafungu yenye kirusi yalikuwa ya aina kumi za mbu, na kila eneo lilikuwa na wake. Garissa walitawala Aedes mcintoshi na Aedes ochraceus. Baringo alikuwa Mansonia, jamii nyingine tena ya mbu. Kilifi akajitokeza hata Aedes pembaensis wa pwani. Tofauti hii inaamua dawa utakayotumia. Kiluwiluwi wa Mansonia hapandi juu kuvuta hewa. Hujichomeka kwenye mizizi ya mimea ya majini na kupumua kutoka humo. Ukimwaga mafuta juu ya maji ili kumziba pumzi, umepoteza mafuta yako bure. Asiyemjua mbu wa eneo lake kabla ya mvua atapulizia dawa kwa kubahatisha.

Ndiyo maana nasema tuanze na udongo. Kazi hii inahitaji sepetu, rula, mifuko ya karatasi au kitambaa, penseli na kifaa cha GPS cha kusomea mahali ulipo. Unakwenda kwenye bonde kavu, unatafuta alama ya ukingo wa maji ya mwisho: mstari wa takataka kwenye mashina ya nyasi, au pale ndago zinapoachia nyasi fupi. Unapanga mstari kutoka kitovu cha bonde hadi nje ya alama hiyo, na kila baada ya mita chache unakata kipande cha udongo cha sentimita 15 kwa 15, unene sentimita 3. Usichimbe zaidi ya hapo, maana mayai yako juu, kwenye nyufa na chini ya mashina ya nyasi. Andika lebo kwa penseli. Wino unafutika ukilowa.

Makosa mengi hutokea njiani. Udongo wenye unyevu ukifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa ndani ya gari juani, mayai yanaiva kama yamepikwa. Ukilowa, yanaanguliwa kabla ya kufika. Hivyo uuanike kivulini, kisha uupakie kwenye boksi lisilopata jua.

Maabara, weka kila kipande kwenye trei yake, mimina maji hadi yafunike udongo kwa sentimita chache, ongeza majani makavu kidogo. Majani yakianza kuoza hupunguza oksijeni ndani ya maji, na upungufu huo ndio unaoliambia yai kwamba dimbwi limejaa. Viluwiluwi wakitokea, wahamishe kwa bomba la kudondoshea na walishe chakula cha samaki kilichosagwa, kidogo kidogo. Ukizidisha, maji yanafanya utando juu na wote wanakufa usiku mmoja. Halafu usiutupe udongo. Mayai ya Aedes hayaanguliwi yote kwa mkupuo. Sehemu yake husubiri mafuriko ya pili au ya tatu, na hiyo ndiyo akiba inayoufanya ukoo wao usiishe mvua zikidanganya. Kausha trei kwa wiki mbili, mwagia tena, rudia mara tatu angalau. Wanaotupa udongo baada ya mara ya kwanza huandika kwamba bonde halina mbu, kumbe lina mayai tele.

Mbu hao walelewe kwenye chumba chenye milango miwili na wavu, kama vile kila mmoja ana kirusi. Watafiti wa kwanza kabisa wa ugonjwa huu waliambukizwa wakiwa kazini. Anayekusudia kukuza kirusi hai anahitaji maabara ya usalama wa ngazi ya tatu. Anayetaka kipimo cha vinasaba tu awasage mbu kwenye kimiminika kinachoua kirusi kwanza, ndipo aendelee.

Mitego ya taa nayo ina nafasi yake, hasa mvua zinapoanza. Taa peke yake haivuti Aedes wa kutosha. Inahitaji hewa ya ukaa ili mbu adhani kuna mnyama anapumua. Barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa, ndiyo bora lakini kuifikisha Simanjiro au Mandera ni shughuli. Mchanganyiko wa sukari gramu 250, hamira gramu 17.5 na maji lita 2.5, kwenye chupa yenye mpira unaoelekea mdomoni mwa mtego, unafanya kazi usiku kucha, na molasi inaweza kuchukua nafasi ya sukari kwa bei nafuu. Paka grisi kwenye kamba ya mtego, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamekuachia mabawa tu. Funga mdomo wa wavu kabla ya kuzima feni inayowavuta mbu ndani, maana feni ikizima mbu wanatoka walikoingilia. Baada ya hapo ni baridi mfululizo, kutoka porini hadi kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Sampuli ikiyeyuka na kugandishwa tena, kipimo kinaweza kusema hakuna kitu wakati kirusi kilikuwamo.

Mbu walioshiba damu watengwe, mmoja mmoja. Mbu aliyetoka kumnyonya kondoo mgonjwa atakuwa na kirusi tumboni hata kama yeye hawezi kukiambukiza popote. Ukimsaga mzima mzima na kumtangaza msambazaji, umemsingizia. Vichwa na miguu vipimwe mbali na tumbo: kirusi kikiwa miguuni, kimeshavuka ukuta wa utumbo na kuenea mwilini. Damu ya tumboni nayo isitupwe. Kwa vinasaba vyake utajua alimnyonya ng'ombe, mbuzi, ngamia au mtu.

Najua hoja inayotolewa kupinga haya: setilaiti zinatosha. Na kweli zimefanya makubwa. Mwaka 1999 Linthicum na wenzake walionyesha kwamba kwa kutazama joto la Pasifiki na Bahari ya Hindi pamoja na ukijani wa ardhi, mlipuko Afrika Mashariki unaweza kutabiriwa hadi miezi mitano kabla. Mwaka 2006 tahadhari zilitolewa kabla ya wagonjwa wa kwanza kujulikana Garissa mwezi Desemba. Ila ramani ya setilaiti inapaka rangi nyekundu juu ya eneo zima la kaskazini-mashariki. Haimwambii ofisa mifugo aanze na kata ipi akiwa na dozi chache na gari moja. Trei za udongo zinaweza kumwambia.

Na kwenye chanjo ndiko kuchelewa kunakoumiza zaidi. Chanjo ya Smithburn, iliyotumika miaka mingi ukanda huu, ilitokana na kirusi kilichopatikana ndani ya mbu walionaswa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Utafiti wa wadudu ndio ulioizaa. Dozi moja hutoa kinga ya muda mrefu na bei yake ni nafuu. Lakini ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, na jike mwenye mimba anaweza kuitupa au kuzaa kilema. Kwa hiyo ina majira yake, kabla majike hawajapandwa. Ukiipeleka mlipuko ukiwa umeanza, unachoma wanyama ambao wengine wana kirusi damuni, na sindano moja ikipita kwa wanyama ishirini, mchanjaji anafanya kazi ya mbu. Barabara nazo zimekatwa na maji, na kinga inahitaji wiki moja au mbili kujengeka. Chanjo hii inataka uamuzi wa miezi kadhaa kabla, na uamuzi huo unataka taarifa za bonde kwa bonde.

Ninachodai hakihitaji jengo jipya. Kila wilaya au kaunti yenye historia ya ugonjwa huu, kuanzia Ngorongoro hadi Garissa, ichague mabonde machache ya kudumu, yakatwe udongo kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, mstari uleule, vipimo vilevile. Karibu na kila bonde pawe na kundi dogo la mbuzi wasiochanjwa, wenye namba masikioni, wanaotolewa damu kila mwezi wakati wa mvua. Mbuzi aliyekuwa hana kingamwili, yaani chembe za kinga dhidi ya kirusi, akizipata, kirusi kimepita hapo. Wafugaji wenyewe walipwe kutunza daftari la siku maji yalipojaa, siku mbu walipozidi, na mimba zilizotupwa. Baada ya mlipuko wa 2006–07, wafugaji walieleza kwamba waliona mvua, kisha mbu, kisha mifugo kuugua, kabla serikali haijatangaza lolote.

Vyuo na taasisi zetu, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, icipe (kituo cha utafiti wa wadudu) na KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) kule Kenya, na taasisi ya virusi ya Entebbe, Uganda, zina watu wanaoijua kazi hii. Kinachokosekana ni mkataba wa miaka kumi badala ya ruzuku ya miaka miwili, kwa sababu miaka miwili yaweza kupita yote bila bonde kujaa hata mara moja, na mfadhili akahesabu kwamba hakuna kilichopatikana. Majibu ya trei yamfikie ofisa mifugo wa kata kabla ya mvua za vuli, kwa orodha ya mabonde, aina za mbu na idadi ya viluwiluwi kwa kila mita ya mraba, ili mwezi Septemba ajue boksi la kwanza la chanjo lishuke wapi.