Kabla ya kuamini kwamba mzee yuko sawa, ingia jikoni kwake

Wazee wetu hapa Nairobi hawasemi wamelemewa. Ukipiga simu Jumapili jioni utaambiwa wamekula, wamelala vizuri, goti linauma kidogo lakini ni baridi tu. Unashukuru Mungu, unatuma kitu kidogo kwa M-Pesa na kuendelea na wiki yako. Siwalaumu wazee. Mtu aliyesomesha watoto kwa kuamkia sokoni alfajiri na kapu la mboga hawezi kuanza leo kuwaomba watoto hao hao wamfulie nguo. Ndiyo maana nashikilia kwamba simu haitoshi. Anayetaka kujua hali ya mzee aende, aingie ndani, akae mpaka chai ipikwe.

Shangazi yangu anakaa Buruburu, katika nyumba zile zenye ngazi ndani. Chini ni sebule na jikoni, juu ni vyumba vya kulala na choo. Kwenye simu alikuwa mzima kabisa. Lakini ukuta wa kando ya ngazi ulikuwa na mstari mweusi uliopanda nao hadi juu, pale kiganja chake kinapojishikiza kila siku. Na jagi la maji lililowekwa mezani asubuhi lilikuwa bado limejaa saa kumi jioni. Nilipomdadisi alisema, bila wasiwasi wowote, kwamba akinywa maji itabidi apande choo, na kupanda kunamchosha. Basi ameacha kunywa.

Jambo hilo lilinitia hofu kuliko ugonjwa wowote ambao angeutaja. Uzeeni kiu yenyewe hupungua, na mzee akijinyima maji juu ya hapo anapata kizunguzungu, choo kigumu, hata kuchanganyikiwa. Kizunguzungu kwenye ngazi ni anguko, na anguko katika umri huo mara nyingi ni nyonga iliyovunjika. Wanaoishi mitaa ambayo choo kiko nje, kinachotumiwa na nyumba kadhaa, wana hesabu hiyo hiyo, tena usiku ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo tazama. Mwangalie akiinuka kwenye kochi: anajisukuma kwa mikono miwili? Akishasimama, anangoja kwanza dunia itulie? Presha inaweza kushuka ghafla mtu anaposimama, na wakati mwingine dawa ndizo chanzo, kwa hiyo daktari anapaswa kuzipitia upya. Jikoni, fungua friji, angalia sufuria zilizoungua chini. Mwombe akuonyeshe dawa zake zote, hata zile za kwenye mkoba. Pakiti ambayo ingekuwa imeisha wiki iliyopita na bado imejaa inasema kitu. Utakuta pia pakiti mbili zenye majina tofauti, kutoka kliniki mbili, kumbe dawa ni ile ile na mzee anaimeza mara mbili. Uliza kuhusu tokeni za stima na mchango wa chama, kile kikundi cha kuwekeana akiba. Mtu ambaye hajawahi kuchelewesha chama maisha yake yote, sasa anakumbushwa kila mwezi, hilo si la kupuuza. Wala si la kupuuza akianza kuwapa watoto wa jirani namba yake ya siri wamtolee pesa.

Kuhusu kusahau, naomba tuache kusema "ni uzee tu". Kusahau miwani iko wapi ni kawaida ya kila mtu. Kusahau njia ya kutoka stejini hadi nyumbani ulikoishi miaka thelathini ni jambo la kupeleka kwa daktari. Na mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo anaongea mambo yasiyoshikana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, au dawa, na yanatibika. Maombi yaendelee akiwa tayari ameonwa na daktari.

Ukishaona, usikimbilie kumhamisha. Nimeona wazee wakitolewa kwenye mtaa ambao kila mwenye kioski anawajua, wakapelekwa kwa binti yao ghorofa ya nne isiyo na lifti, na hawakushuka tena ila kwenda kliniki. Msaada umfuate alipo. Kwa shangazi tulianza na fundi aliyeweka chuma cha kushikilia kwenye ngazi, kisha kitanda kikashushwa chini, na kiti cha choo kikawekwa kando yake. Maji anakunywa.

Msaidizi ni suala lingine, na hapa nina neno kwa familia za Nairobi. Dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua si muuguzi. Kumgeuza mzee kitandani, kumwogesha, kufuatilia dawa za sukari ni kazi nyingine, ina mafunzo yake na malipo yake. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini kilichotangazwa 2024 kilipita Sh16,000 kwa mwezi, na hiyo ni kabla hujamwongezea jukumu la uhai wa mtu. Pesa za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwatumia wazee pesa, kwa waliofikisha miaka 70 ni Sh2,000 kwa mwezi. Katiba, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na pia na Serikali. Lakini kwa Sh2,000 hizo za Serikali, kwa sasa mzigo karibu wote ni wa familia.

Na ndani ya familia, mzigo humwangukia mmoja, kwa kawaida binti anayekaa karibu na asiye na mume. Wengine wanatuma pesa na maoni kwenye kundi la WhatsApp. Kikao cha familia kikiitwa, kabla ya kuzungumzia mchango, ulizaneni nani atalala kwa mzee Jumamosi ili huyo binti naye apumzike. Na mzee mwenyewe awe kwenye kikao hicho, aulizwe kwanza ni nani angependa amwogeshe na nani hapana.