Uso Ukigeuzwa Mchoro, Mkosaji Si Mhariri

Mteja analipia picha ya sura, anapewa kitu kinachokaribia michoro ya ubavuni mwa matatu za Rongai: mashavu yamechongeka, macho yanawaka, kila uzi wa shati unahesabika. Wapo Nairobi wanaosema huo ni uongo. Kwa picha ya pasipoti au ya habari wana haki kabisa, na bibi harusi asiyetambulika na mamake ana haki ya kulalamika.

Ila lawama hiyo humwangukia anayehariri picha kwa mkono kwenye kompyuta, ilhali mharibifu mkubwa ni filta ya simu. Filta hulainisha uso mzima kwa kipimo kimoja, na mara nyingi huupandisha mwanga. Ngozi nyeusi inageuka kijivu. Mng'ao wa paji na wa mfupa wa shavu, ambao ndio unaochora umbo la uso mweusi, unafutika. Mkono hufanya kinyume chake: unaukuza. Mhariri hujaza leya mpya (tabaka juu ya picha) kijivu cha asilimia 50, huiweka kwenye Soft Light, hali inayochanganya tabaka na picha kwa upole, kisha hupaka kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, nyeupe palipo na mwanga, nyeusi chini ya taya. Pua pekee yaweza kula mipako kumi. Ukali wa nyuzi hutoka kwenye nakala iliyopitishwa High Pass, kichujio kinachobakiza kingo tu, ya pikseli 2 au 3, ikawekwa Overlay, hali inayozikoleza kingo hizo, ikafunikwa maski (kifuniko) ibaki kwenye nyusi, ndevu na nguo tu. Ikigusa ngozi, vitundu vya jasho hutokeza kama changarawe.

Halafu kuna hesabu ambayo wanaolaumu hawaifanyi. Faili RAW, yaani picha ghafi ya kamera, ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, na nusu yake, 8,192, imo katika stopu moja ya juu kabisa (kila stopu ni mwanga mara mbili ya iliyo chini yake). Shuka stopu moja, hiyo ina 4,096, kisha 2,048, kisha 1,024, kisha 512. Ngozi nyeusi iliyopigwa kwa mwanga hafifu huishi huko chini. JPEG nayo, faili ya picha iliyobanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, hivyo ukivuta vivuli vyake shavu linakatika mistari mistari kama ramani ya milima. Watu huiona mistari hiyo wakasema mtindo ni mbaya. Mtindo hauna kosa! Picha ilitakiwa ipigwe ing'avu zaidi, hata kwa stopu nzima, mradi paji lisiungue kwa mwanga likawa jeupe tupu, kisha ihaririwe kwa biti 16.

Muda ndio hoja nzito ya upande wa pili. Uso mmoja hivi unaweza kumaliza saa tatu, na studio ya River Road yenye foleni ya wahitimu haina saa hizo. Basi iwaachie picha safi, isiyoguswa, badala ya filta.

Na anayetaka mchoro aonyeshwe picha zote mbili, isiyoguswa na iliyohaririwa, kabla ya kuchapa, leya ya mwanga ikishushwa polepole kutoka asilimia 100 hadi 60, mpaka aseme mwenyewe: hapo, huyo ni mimi.