Gari la Inchi, Mji wa Milimita

Ukimiliki Dodge Dart ya 1964, gari la Kimarekani, hapa Tabora unapata vitu viwili kwa mpigo: heshima barabarani na aibu gereji. Barabarani, kutoka Stesheni mpaka Isevya, watoto wanapunga mikono na bodaboda wanakusindikiza kama bwana harusi. Gereji fundi anafungua boneti, anaona injini imeegemea upande kama mlevi aliyeshika ukuta, anashusha sauti: "Pole mzee, maunti, kile kishikio cha injini, imekatika."

Haijakatika! Chrysler, wenye kiwanda cha Dodge, waliilaza wenyewe, nyuzi 30, ili boneti ishuke na manifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zipate nafasi upande mmoja. Silinda sita kwenye mstari, lita 3.7, imelala tangu kiwandani. Ukichelewa kusema hivyo, jeki imeshaingia chini na injini inanyanyuliwa isimame wima kama askari.

Tuache injini, twende kwenye pancha. Pancha ni kitu gani? Kitu cha dakika kumi. Sasa sikiliza: nati za tairi za kulia zinafunguka kama nati za watu wote. Za kushoto zinafunguka kinyume, yaani unazungusha kufuata mshale wa saa. Chrysler walihofia tairi la kushoto likizunguka kwenda mbele lingelegeza nati za kawaida, wakazigeuza. Kwenye ncha ya studi, ile boliti inayoshika nati, wakaandika L, yaani kushoto. Lakini ni kijana gani wa pancha anayesoma studi? Anakanyaga wili spana, nati inazidi kukaza. Anaongeza bomba la mita moja. Mwenzake anapanda juu ya bomba. Pa! "Chuma cha zamani kimechoka, mzee." Chuma hakijachoka, kimechoshwa! Na usidhani utaazima rimu ya Toyota ukatambe nayo. Matundu matano ya Dart hii yako kwenye duara la inchi 4, milimita 101.6. Rimu nyingi za nati tano mtaani ni 114.3. Hapo huwezi kubembeleza. Paka nati za kushoto rangi nyekundu, na ukifika kwa pancha shuka, simama karibu, usiende kunywa chai.

Spana nazo ni mtihani. Mji mzima una milimita, wewe una inchi. Nati ya 3/4 ni milimita 19.05, spana 19 inakaa kama imezaliwa hapo. Ya 5/8 ni 15.9, utaifungua kwa 16 bila ugomvi. Ya 1/2 ni 12.7, 13 inaingia inachezacheza, ukiwa na huruma itakubali. Shetani amejenga kwenye 9/16. Hiyo ni 14.3: spana 14 haiingii, 15 inaingia halafu inateleza, na wiki ya tatu nati imekuwa mviringo kama kitumbua. Boliti ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inadanganya. Ya milimita 8 na ya 5/16 ni pacha kwa macho. Ya 8 ukiitia kwenye tundu la 5/16 inaingia raundi mbili vizuri, ya tatu inauma, kwa kuwa meno hayalingani: 5/16 ya meno mapana ina meno 18 kwa inchi, nafasi ya milimita 1.41 kati ya jino na jino, na ile ya 8 ina 1.25. Mwenye akili anaichomoa. Mwenye haraka anaongeza nguvu, na tundu limekwisha. Nunua seti ya inchi, 3/8 mpaka 3/4, ifungie kwenye buti, na asiazimwe mtu, hata shemeji.

Sasa tapeti, vile vifaa vinavyosukuma vali zifunguke, na hapa ndipo gari hizi zinapouawa na watu wenye nia njema. Injini hii tapeti zake zinasetiwa kwa mkono, na ikiwa nzima inalia tik-tik-tik kama cherehani. Fundi aliyezoea injini za kimyakimya akisikia mlio huo anaumwa. Anakaza, anakaza, mpaka kimya. Mwenye gari anafurahi, anatoa na soda. Kumbe vali haifungi tena sawasawa, haigusi siti yake, yaani pete inayoikalia, ikapoza joto, na baada ya muda inaungua ukingo. Injini inaanza kutikisika ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kukosa nguvu, wanasingizia petroli.

Vipimo vya uwazi unaoachwa kwenye vali ni hivi: injini iwe moto kweli, gari limetembea kama nusu saa. Inteki, vali ya kuingiza, inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Eksozi, vali ya kutoa moshi, inchi 0.020, yaani 0.50. Kile kibati cha kupimia kipite kwa kuvutana kidogo, kisilegee wala kukwama. Eksozi ndiyo ya kuangaliwa sana, maana injini hii ilitengenezwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, na risasi ilikuwa mto wa siti ya vali. Sasa petroli haina risasi. Ukilikimbiza gari na mzigo mpaka Nzega, siti inaliwa, vali inazama, na uwazi unapungua wenyewe. Kila ukipima umepungua? Silinda hedi, kichwa cha injini, ishuke, iwekwe siti ngumu za eksozi. Kwa hiyo tik-tik ikinyamaza bila wewe kugusa, usishukuru Mungu. Fungua kava.

Kuna na ule ugonjwa wa kuwaka na kuzima. Unapiga stata, inawaka; unaachia ufunguo, inazima. Wanaanza kukuuzia pampu, koili, kuosha kabureta, na mwisho maombi. Angalia ukuta wa nyuma ya injini, kuna kipande cha kauri nyeupe chenye waya mbili. Hicho hupunguza umeme unaokwenda kwenye koili, ile inayozalisha cheche za plagi. Wakati wa stata umeme hukikwepa, ndiyo maana inawaka. Ukiachia, unapita humo, na humo pamekatika. Weka cha akiba kwenye dashibodi. Wataalamu wa waya watataka kukiruka moja kwa moja: koili itachemka na pointi za distributa zitaungua.

Msimu wa maembe nao, maegesho yote yenye kivuli mji huu yako chini ya mwembe! Chagua: jua likaushe mpira wa vioo, au embe bichi litue kwenye boneti. Utomvu uoshe siku hiyohiyo kwa maji na sabuni. Na atakuja mjuaji akwambie Tabora ni mji wa nyuki, paka nta. Nta tupu ya nyuki juani inalainika, vumbi lote la barabarani linahamia kwako.

Mshale wa spidi unasoma maili. Kwenye 30 uko chini kidogo ya kilomita 50. Ukiupeleka 50 ukidhani umetii kibao, uko 80, na tochi haijui maili.

Lakini jioni, kiti kimoja kirefu mbele, watu watatu bila kubanana, madirisha chini, unabonyeza D kwenye vitufe vya gia kushoto kwa usukani. 1964 ndio mwaka wa mwisho wa vitufe hivyo. Aliyekaa katikati anapapasa sakafuni, anauliza gia iko wapi. Yule wa dirishani anauliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Huyo wa pili mwongezee sauti ya redio.